Mashine Inayosimama Ukiiachia

Kabla sijaanza, mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeshika jembe mara nyingi kuliko kalamu. Naandika polepole, herufi moja moja. Tena kwetu tukisema tunachanganya l na r, kwa hiyo hata hapa kwenye karatasi zinaweza kuwa zimekaliana viti. Mkikuta kosa, lirukeni mwendelee. Naandika kwa sababu kusema nashindwa. Mtu akinitazama usoni, maneno yote yananikimbia, nabaki nachora chini kwa dole gumba la mguu. Karatasi hainitazami.

Nataka kueleza jinsi mimi na mama tulivyochagua mashine ya kufyekea.

Shamba letu liko Nyamigogo. Linaanza kwenye migomba nyuma ya nyumba, linateremka hadi kwenye kijito. Huko chini, karibu na maji, umesimama mmea mmoja peke yake. Ni ule wa majani marefu ambao watu wa huku wanaupanda mipakani, kwa sababu ng'ombe hawaupendi na hata ukikatwa unachipua. Lakini huu wa kwetu hauko mpakani. Uko ndani kabisa ya shamba. Chini yake amelala kaka yangu.

Mama alimzaa kabla yangu, akaishi siku mbili. Alikuwa hajapewa jina, hajabatizwa, na kwa wazee wa wakati ule mtoto wa namna hiyo hakuwekewa matanga wala msalaba. Baba alichimba, mama akapanda ule mmea, wakapanda mteremko kurudi nyumbani. Majirani zetu wakiona mmea wa mpaka mahali pasipo na mpaka, wanaelewa. Wanapita pembeni na hawaulizi.

Kila mwaka kiangazi kikikaribia kuisha, mama alilifyeka shamba kwa fyekeo, kuanzia juu. Akifika pale chini aliweka fyekeo kando, akapiga magoti, akang'oa nyasi kwa vidole kuuzunguka ule mmea. Nilipokuwa mdogo nilidhani anatafuta mboga. Siku moja, nikiwa darasa la tano, tulikuwa tunanawa miguu kijitoni, akasema, "Pale ni kaka yako." Kisha akaniambia nisugue visigino vizuri.

Baba naye alifariki nilipokuwa darasa la saba. Tukabaki mama, mimi na wadogo zangu wawili ambao bado wako shule. Halafu, miaka miwili iliyopita, mama aliteleza kwenye mteremko akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akaangukia mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini mkono wenyewe haupandi tena. Unafika kifuani unakataa. Mtu wa namna hiyo hawezi kurusha fyekeo.

Kwa hiyo mwaka jana tuliita mtu mwenye mashine. Alitoka mjini, kijana mchapakazi, amevaa miwani na vifuniko vya masikio. Mama alikuwa na homa siku hiyo. Aliniambia, "Mwanangu, tangulia mbele yake. Akikaribia pale chini, msimamishe."

Nilitangulia. Asubuhi nzima nilijiambia, sasa nitamwambia, sasa nitamwambia. Alipozima mashine kuongeza mafuta, nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema, lakini alikuwa ananiangalia, nikampa maji ya kunywa badala ya maneno. Akawasha tena. Alipokaribia ule mmea niliinua mkono. Niliuinua nusu tu, hapa kifuani, kama mtu anayeogopa kuonekana. Yeye akauona. Akatabasamu, akaniinulia wa kwake, akadhani namsalimia. Kisha akazungusha kisu, mmea ukaenda chini pamoja na nyasi.

Simlaumu. Kwao labda hawapandi hivyo. Na kazi yake aliifanya vizuri, shamba zima lilikuwa kama limenyolewa.

Mama alipopona homa alishuka peke yake. Niliona kutoka juu alivyokwenda kushoto, akarudi kulia, akasimama. Ilikuwa ni vipande vya majani kila mahali, na kila mahali palifanana. Alikuwa hajui akanyage wapi. Aliporudi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Moto unazimika, kaandae chai."

Mvua za kwanza zilipoanguka, mmea ulichipua, macho matatu ya kijani. Mama alikuja mbio kuniita niende kuona, mtu mzima, anakimbia. Lakini alikata shauri papo hapo. "Mashine ya mtu haitaingia humu tena. Bora pori."

Msimu uliofuata pori likaja kweli. Mimi nilifyeka kwa mkono nilivyoweza, na nilivyoweza ni nusu ya shamba. Nusu ya chini ilishika vichaka na nyasi za kufika shingoni. Tulikosa maharage ya nusu hiyo. Na mmea wenyewe ukamezwa. Mama alikuwa anasimama kwenye migomba anatazama chini bila kuona kitu. Mwaka huu kiangazi kilipofika nilimwambia, tena nikiwa nimempa mgongo ili niweze kusema, kwamba tutafute mashine yetu wenyewe na nitaishika mimi.

Alikuwa anachambua mchicha.

"Hiyo mashine," akasema mwishoni, "ukiiachia, inasimama?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la pekee. Hakuuliza ina nguvu gani wala imetoka nchi gani.

Wa kwanza kujitolea alikuwa mjomba, mdogo wake mama. Anaishi Ngara, karibu na Kabanga, na kwa kuwa yuko mpakani anaamini kila kitu duniani kinapita mbele ya mlango wake. Alimpigia mama simu. "Dada, usihangaike. Nimekupatia mashine, imetumika kidogo, lakini ni simba." Baada ya siku nne alishuka kwenye basi na simba wake amefungwa kwenye gunia la mahindi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Shika huko nyuma, taratibu, inauma hata ikiwa imelala."

Tuliiweka uani. Mama aliizunguka mara moja. Kisha akaenda akachukua kijiti cha muhogo, akakichomeka kwenye nyasi kando ya choo. "Mdogo wangu, fyeka kutoka huko uje. Ukifika hapa, uache."

"Niache kijiti?"

"Ukiache kimesimama."

Mjomba alicheka. Alivuta kamba mara saba, mashine ikakohoa, ikawaka kwa kelele iliyowatimua kuku wote hadi kwa jirani. Akaja anafyeka, na kwa kweli ilikuwa na nguvu. Alipofika karibu na kijiti aliachia kibano cha mafuta. Injini ilishuka sauti, lakini kisu kiliendelea kuzunguka, na kwa kuwa mashine ilikuwa nzito ikamvuta hatua moja mbele. Kijiti kikaruka vipande viwili.

"Ah! Hii inataka mazoea tu, dada. Mashine ni kama mbuzi, ukimwachia kamba lazima aende kidogo."

"Mbuzi hali kwa kuzunguka," mama akamwambia.

Alitaka kucheka tena, kisha akamwona dada yake anaokota vile vipande viwili vya muhogo na kuvishika pamoja, kama vile vingeunga. Akaelewa. Alikuwepo siku ile ya zamani, alikuwa mvulana, na nadhani ndiye aliyebeba jembe. Alizima mashine. Alikaa kwenye kigoda, na chai alipoletewa aliinywa bila sukari, yeye anayeweka vijiko vinne.

Kesho yake alirudi na gunia lake. Lakini kabla basi halijaja alinifundisha. Alisema nisidanganywe na rangi. Nipime uzito tangi likiwa limejaa, kwa sababu mashine tupu na mashine yenye petroli siyo mashine moja. Niulize kama vipuri vinapatikana hapahapa Biharamulo, siyo mpaka Mwanza. Niulize kipimo cha kuchanganya petroli na oili, maana wengi huku wanamimina kwa macho, injini inakufa kabla ya mavuno. "Na lile swali la mama yako," akasema, "ni swali zuri kuliko yote. Mashine ambayo kichwa chake, pale kisu kinapofungwa, hakisimami ukiiachia ina ugonjwa. Ni klachi au ni kabureta. Mimi nilikuwa sijui kuulizia hilo."

Niliuza mbuzi wangu, nikaenda Biharamulo mjini.

Duka liko chini ya boma la zamani, karibu na soko. Mashine mbili zilikuwa zimening'inizwa ukutani, moja kubwa nyekundu, moja ndogo ya rangi ya kijivu. Niliingia. Muuzaji akainua kichwa. "Karibu dada, nikusaidie nini?" Niliangalia mifuko ya saruji. Niliangalia ndoo. Kulikuwa na watu watatu nyuma yangu, wote wananisubiri niseme. Nikaonyesha kidole kitu kilichokuwa karibu, akanipimia, nikalipa, nikatoka.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ananisubiri barabarani.

"Mashine iko wapi?"

Nikampa kifuko. Alifungua. Misumari.

Alinitazama, akaitazama misumari, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini palepale kando ya barabara, ameshika mkono wake mbovu. "Basi sawa," akasema akifuta machozi, "tutalipigilia misumari hilo pori." Na mimi nikacheka. Ilikuwa muda mrefu sijamwona akicheka hivyo.

Usiku ule sikulala na mawazo, nililala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimepata akili. Asubuhi nilichukua daftari la mdogo wangu nikachana karatasi ya katikati. Nikaandika maswali yote. Ilinichukua hadi saa nne. Nikarudi mjini, nikaingia dukani, na kabla muuzaji hajasema karibu nikaweka karatasi mbele yake.

Aliisogeza karibu na macho. Kwenye mifuko ya saruji alikuwa amekaa mzee mmoja aliyekuja kununua bawaba, amevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali.

"Haya," muuzaji akasema kwa sauti, "leo tumeletewa mtihani."

"Soma," mzee akamwambia, "tukusaidie, maana shule ulikuwa unakimbia."

"Swali la kwanza. Ina uzito gani tangi likiwa limejaa? Siyo likiwa tupu." Akatikisa kichwa. "Huyu amefundishwa. Swali la pili. Plagi yake na uzi wake vinapatikana hapa au vinaagizwa? Vinapatikana, dada, nakuandikia tiki. La tatu. Kipimo cha oili kimeandikwa wapi? Kwenye kizibo, tiki. La nne. Inakubali kufungwa uzi wa plastiki badala ya kisu cha chuma? Zote zinakubali. La tano." Akakunja uso. "Ukiiachia, inasimama?"

"Kwani ni baiskeli?" mzee akauliza, na wote wawili wakacheka.

"Dada, ukizima, inasimama. Hakuna mashine isiyosimama ukizima."

Hapo karatasi ilikuwa imekwisha. Hakukuwa na swali la sita la kunisaidia.

"Siyo kuzima," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kama ya kifaranga. "Kuachia. Injini inawaka lakini kichwa kinasimama."

"Sasa kwa nini unataka hivyo? Unataka kufyeka au unataka kupumzika?"

Niliangalia chini. Dole gumba langu lilikuwa limeshaanza kuchora. Nikalikanyaga kwa mguu mwingine.

"Kuna mahali shambani kwetu hapapiti kisu," nikasema. "Kuna mmea wa mpaka, na pale hapana mpaka."

Muuzaji alikuwa bado ana tabasamu usoni, hakujua aliweke wapi. Mzee ndiye aliyevua kofia. Aliishika magotini.

"Wewe kijana," akamwambia muuzaji, "zitoe nje zote mbili. Uziwashe. Umwonyeshe binti anachotaka."

Tukatoka barazani. Ile nyekundu ilianza kwa mkupuo mmoja, na watu waliokuwa wakipita waligeuka. Akabana mafuta, akaachia. Kisu kilipunguza mwendo lakini hakikusimama. Kiliendelea polepole, mzunguko baada ya mzunguko.

"Hii ni kurekebisha kabureta tu, dakika moja."

"Irekebishe kwanza ndipo uiuze," mzee akasema.

Ile ya kijivu ilihitaji kuvutwa mara tatu. Akabana, akaachia. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, kichwa kikatulia kabisa na injini bado inaunguruma. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Mara ya tano hakuwa anacheka, alikuwa ananitazama kuona kama nimeridhika. Kisha akanivisha mkanda begani na kunifundisha kuikalisha ubavuni ili uzito ushuke kwenye nyonga, siyo mikononi. Niliiwasha mwenyewe. Nilibana, nikaachia, moja, mbili.

Nilipokuwa naifunga kwa kamba, mzee aliniuliza, "Aliye pale ni wa mama yako?"

"Ndiyo, shikamoo," nikasema. Nilikuwa nimesahau kumwamkia tangu mwanzo.

"Marahaba, mwanangu. Msalimie sana."

Mama hakuiamini kwa maneno. Alichomeka kijiti cha muhogo palepale kando ya choo. Nilikiacha kimesimama. Akakihamisha, nikakiacha. Siku tatu nilifanya hivyo, mpaka uani kwetu kukawa hakuna jani na wadogo zangu wakaanza kuniita fundi. Siku ya nne akasema, "Twende."

Tulianza juu. Kwenye vichaka nilitumia kisu cha chuma. Nilienda kwa hatua ndogo, kulia kwenda kushoto, kama mjomba alivyonionyesha, na kila tangi likiisha nilipumzika na mashine ikapoa. Ilichukua siku mbili kufika kwenye nyasi laini za chini. Hapo nilitoa kisu, nikafunga uzi. Uzi ukigusa shina gumu unalichuna tu, haulikati. Mama alitangulia mbele, mbali kidogo, anatenganisha nyasi kwa fimbo iliyo mkononi mwake wa kushoto. Anga lilikuwa limeanza kujaa mawingu upande wa Ngara. Nilimwona anasimama. Aliinama, akaangalia. Kisha akageuka kunielekea na kuinua mkono.

Aliinua ule mbovu. Wa kushoto ulikuwa umeshika fimbo. Ulipanda mpaka kifuani ukakwama hapo, nusu, pale pale ulipoishia wangu mwaka jana. Mtu asiyetujua angedhani ananisalimia.

Niliachia. Moja, mbili. Kichwa kikatulia. Nikazima na injini, nikaiweka chini, nikatembea kwa miguu.

Mmea ulikuwa mzima, majani sita, mengine yameliwa na wadudu kingoni. Tulipiga magoti. Mama aling'oa kwa kushoto, mimi kwa mikono miwili, hatukutumia hata kisu cha jikoni. Nyasi za pale zina mizizi mirefu, zilinikata vidole. Udongo ulipoonekana wote, mama aliufuta kwa kiganja kama anavyofuta mkeka.

"Huyu ni mdogo wako," akasema, lakini hakuwa anasema na mimi. "Ndiye amefyeka. Mwaka jana alikosea, mwaka huu ameweza."

Ndipo nilipojua kwamba alikuwa anajua. Alijua tangu siku ile kwamba niliuona mmea unakatwa na sikupiga kelele. Nililia kidogo. Aliniacha nilie, akaendelea kufuta udongo, kisha akaniambia nisiifute pua kwa mkono wenye majani.

Mvua ilikuja baada ya siku tano. Tumepanda maharage shamba zima, kasoro duara dogo pale chini. Mashine iko chumbani kwangu, nimeifunika kwa kanga, na chupa ya kuchanganyia mafuta nimeichora mstari kwa msumari. Misumari ninayo mingi.

Nimemaliza, na mkono umechoka. Sasa naomba kitu. Wewe uliyesoma mpaka hapa, chukua karatasi uniandikie. Nieleze kwenu mnapanda mmea gani mahali kama pale, na mgeni akija kufyeka mnamwambiaje. Na kama unajua namna ya kuuzuia uzi wa plastiki usikatikekatike kwenye mawe, niandikie hilo pia. Usihofu mwandiko wako. Mimi husoma polepole, nitaufikia mwisho.